Risasi ya kumpigia swala: ncha laini au ya jeshi?

Mfuata Nyayo: Wakubwa shikamooni, wenzangu salamu. Nafanya kazi kwenye kambi ya uwindaji wa leseni upande wa mto Kafu. Hoja yangu ni hii: mteja anayekuja kupiga swala kama kob, kuro au pongo akatazwe risasi ya jeshi, ile iliyovikwa shaba mpaka nchani. Atumie ya ncha laini, inayochanua kama uyoga ikishaingia mwilini. Uingereza wameliandika kwenye sheria yao ya kulungu ya mwaka 1991: kipenyo kisipungue inchi 0.240, nguvu mdomoni mwa bunduki isipungue futi-pauni 1,700, na risasi iwe ya kuchanua.

Nasema hivi kwa sababu sisi ndio tunaotumwa majanini baadaye. Ya jeshi inapita mbavuni na kutokea upande wa pili kwa tundu la kidole kidogo. Kob anaruka mara moja, anaingia kwenye mafunjo, basi. Unapiga magoti unatafuta: tone hapa, tone jingine hatua ishirini mbele. Ukiona damu yenye povu la waridi, shukuru, hayo ni mapafu, mfuate. Ukiona nyeusi yenye majani yaliyotafunwa na harufu ya tumbo, keti chini usubiri, maana ukimkurupusha atavuka mto na fisi ndiye atakayemla. Wabishi wakubwa wa jambo hili ni maaskari wastaafu wanaodhani kila bunduki ni AK.

Afande Mstaafu: Kijana, hao "wanaodhani kila bunduki ni AK" ni akina nani? Taja. Mimi nimebeba bunduki kabla mama yako hajaolewa. Yule Mskoti Bell, aliyepewa jina la Karamoja Bell kwa sababu ya kazi aliyoifanya hapa hapa Uganda, aliangusha tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa kibunduki kama cha kupigia njiwa, na risasi zake zimevikwa zote. Tembo! Wewe unalia na kob. Tatizo ni mkono.

Daktari wa Ng'ombe, Mbarara: Afande, kwa heshima, si cha njiwa. Bunduki anayokumbukwa nayo zaidi Bell ni ya milimita 7, ile ambayo Waingereza waliiita .275 Rigby, risasi yenye uzito wa greni 173, kama gramu 11. Na alilenga ubongo, akiwa amesoma fuvu la tembo vizuri. Fuvu lile ni mfupa juu ya mfupa, kwa hiyo unataka kitu kigumu kisichochanua wala kupinda njia. Kob dume ana kilo kama 90 na kitu, na hapigwi ubongo, anapigwa nyuma ya bega, moyo na mapafu. Pale hakuna mfupa wa kuogopa. Anakufa kwa kuvuja damu ubongo ukose hewa, na tundu pana linavujisha haraka kuliko jembamba. Hata akipigwa sawasawa anaweza kukimbia mita hamsini au mia kabla ya kuanguka. Akipigwa kwa tundu la sindano, hizo mia huenda zikawa kilomita.

Afande Mstaafu: Sijauliza habari za fuvu. Nimeuliza atajwe nani.

Nyakato wa Masindi: Mimi hili linanishangaza. Risasi za kuchanua si zilikatazwa vitani kule Geneva? Yaani kitu kilichoonekana ni ukatili kwa binadamu ndicho mnataka kiwe sheria kwa mnyama? Na mnaita huruma!

Mwalimu wa Hesabu: Dada, ni The Hague, 1899. Geneva ni mambo mengine. Zilizowasha moto ule ni risasi za kiwanda cha Dum Dum karibu na Calcutta, Waingereza walipoacha ncha wazi. Lakini sababu ni kinyume na unavyodhani. Vitani unataka adui atoke mapambanoni, na akipona apone. Mwindaji hataki swala atibiwe, anataka afe papo hapo. Swala mwenye jeraha dogo hana hospitali.

Nyakato wa Masindi: Na askari wa vita vyetu walipata hospitali gani? Endelea na hesabu zako.

Hajati wa Bombo: Assalaam alaykum wanangu. Nimesoma yote, swali langu ni dogo. Nyama ya hao wanyama, kijiji kinagawiwa, sivyo? Muislamu anaila? Maana amekufa kwa risasi, hakuchinjwa.

Ustadhi wa Arua: Waalaykum salaam Hajati. Adiyy bin Hatim alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu mi'radh, kijiti kizito cha kuwindia. Akajibiwa: kikimpiga kwa ncha, kula, kikimpiga kwa ubapa akafa, usile, huyo amekufa kwa kipigo. Na aliyekufa kwa kipigo ametajwa kwenye Al-Maida aya ya 3. Zamani walirusha vidonge vya udongo, na wanachuoni wakaharamisha kilichouawa hivyo kwa kuwa kidonge kinaponda, hakitoboi. Baruti ilipokuja wakahitilafiana. Wamaliki wa Maghreb wengi waliruhusu, wakasema risasi inatoboa. Ibn Abidin, Mhanafi, akakataa, akasema inaua kwa kuunguza na kusukuma. Wengi wa leo wanaruhusu, jina la Mwenyezi Mungu likitajwa wakati wa kufyatua.

Afande Mstaafu: Allahu akbar! Kwa hiyo kwa kitabu cha ustadhi, ya jeshi yenye ncha kali ndiyo halali, na uyoga wa kijana ni rungu. Mjadala umefungwa.

Ustadhi wa Arua: Afande, usinilishe maneno. Ya ncha laini nayo inaingia kwa kutoboa. Kupanuka kunatokea ndani.

Boda wa Kawempe: Watu wa Bombo bwana! Pongo kutoka Luweero mnakula kila sikukuu, na wa mtego wa waya wala si wa risasi, leo mnatafuta fatwa.

Hajati wa Bombo: Wewe mtoto, umenikuta kwangu ukaona sufuria? Sema umeona nini ndani. Wa waya ni wenu mnaouza muchomo barabarani usiku, mkisema ni mbuzi.

Boda wa Kawempe: Hajati samahani, nilikuwa natania.

Hajati wa Bombo: Utani una watu wake. Ustadhi, anayepiga ni mzungu, na sidhani kama anasema Bismillahi. Hapo je?

Mfuata Nyayo: Mama, hapo nikujibu mimi, kwa sababu ndipo kazi ilipo. Kambini tuna mchunaji Muislamu. Mnyama akianguka akiwa bado anapumua, yule anakimbia na kisu. Lakini mteja amelipia kichwa na ngozi ya shingo mpaka mabegani, vikajazwe na kutundikwa ukutani kwao. Kisu kikipita kooni, ngozi imeharibika. Kwa hiyo kelele zinaanza: huyu anapiga kelele "usikate!", yule anasema kijiji kizima hakitakula. Nimewahi kuona wawili wakivutana mkono juu ya kuro aliyekuwa bado anageuza macho. Huruma yenyewe ilikuwa wapi pale?

Lokwang wa Moroto: Na hapo ndipo ninyi wote mnapokosea. Ndugu zangu huku wakikutwa na waya na paja la swala wanafungwa. Anayelipa dola anabishaniwa ncha. Uwindaji ulipigwa marufuku 1979, ukarudishwa kwa majaribio 2001 kule Ziwa Mburo, kwa nani? Si kwa Mkaramojong.

Daktari wa Ng'ombe, Mbarara: Majaribio yale yalikuwa ili wenye mashamba waone faida ya impala, badala ya kuwaona ni wezi wa majani ya ng'ombe. Mimi ni wa huku, kabla ya hapo impala alikuwa anauawa kimyakimya. Lakini sijakataa unalosema kuhusu jela.

Hajati, kuna jambo hujaulizwa ila lipo kwenye sufuria. Ncha laini za kawaida ndani ni madini ya risasi. Zikichanua zinamwaga chembe ndogo mbali na tundu, nyingine huzioni kwa macho. Nyama iliyo karibu na jeraha ikatwe itupwe, usimpe mtoto wala mjamzito. Na isitupwe ovyo, tumbusi wakila wanakufa. California wamepiga marufuku risasi za madini hayo kwa uwindaji wote tangu Julai 2019. Zipo za shaba tupu zinazochanua vilevile bila kumwaga madini hayo.

Hajati wa Bombo: Kumbe hata halali ina sumu.

Afande Mstaafu: Kijana, mchunaji akichana hiyo ngozi, anakatwa mshahara?

Mfuata Nyayo: Hakatwi, Afande. Ila msimu unaofuata haitwi.

Afande Mstaafu: Basi ugomvi wako ni na tajiri wako. Risasi umeisingizia.

Mfuata Nyayo: Nina ugomvi na vyote viwili. Wewe nijibu: kob, risasi ya jeshi, ndiyo au hapana?

Afande Mstaafu: Kob, hapana. Hata sisi tulijua. Kule mbuga ya Murchison, tuliyoiita Kabarega, baada ya 1979 askari wa kila upande walikula wanyama wa mbuga ile kwa risasi za vita, na waliokimbia na majeraha walikuwa wengi kuliko waliofika jikoni. Ila nyati usiniambie habari za ncha laini. Nyati ni bunduki nzito ya .375 na risasi ngumu, toka ya kwanza.

Daktari wa Ng'ombe, Mbarara: Ya kwanza laini nzito, Afande, akiwa ametulia kwa ubavu. Ngumu ni za kufuatia, akishageuza makalio.

Afande Mstaafu: Daktari, wewe umewahi kusimama mbele ya nyati au umemchoma sindano amelala?

Hajati wa Bombo: Ngojeni kwanza na nyati wenu. Ustadhi, mzungu asiyesema Bismillahi, bado sijajibiwa.