Chemchemi za kale zilijengaje miamba ya chokaa?

Swali: Nimetazama kipande cha travatini (mwamba wa chokaa unaojengwa na maji ya chemchemi) chenye matundu na alama ya jani. Ikiwa maji huyeyusha chokaa, yanawezaje pia kujenga mwamba?

Jibu la 1: Kinachoamua ni kaboni dioksaidi. Maji ya chini ya ardhi yaliyosheheni gesi hiyo huwa na asidi kidogo, nayo huyeyusha mawe ya chokaa yanamopita. Yanapochomoza juu, gesi hutoroka kama katika soda iliyofunguliwa, na kalsiamu kabonati, ndiyo chokaa yenyewe, huganda tabaka juu ya tabaka.

Jibu la 2: Niongeze kwamba gesi hutoroka zaidi pale maji yanapotibuka, kama kwenye kingo yanakofurikia, ndiyo maana kingo hizo hukua upesi hadi vikatokea vidimbwi vya ngazi, kama vile vya Pamukkale, Uturuki. Jani lako lilifunikwa na chokaa, likaoza, likaacha umbo lake.

Jibu la 3: Chemchemi ikikauka, mwamba hubaki. Travatini ya Tivoli, Italia, ndiyo iliyojenga sehemu kubwa ya Colosseum, uwanja wa kale wa michezo mjini Roma. Si haba kwa mashapo ya maji!

Muuliza swali: Ahsanteni. Kumbe baadhi ya matundu yale huenda ni nafasi za mimea.