Mkataba wa kurasa 40 unatoka skana na MB 38, barua pepe inaukataa

Masijala: Wakuu, mashine imewekwa rangi, dpi 600 (nukta kwa kila inchi), PDF. Seva inarudisha ujumbe wa 552, yaani barua imezidi ukubwa unaoruhusiwa. Kuzipu hakusaidii. Nipunguze wapi bila kupoteza muhuri wa bluu na saini? Kurasa zenye mihuri ni nne tu.

Fundi wa fotokopi: Zipu haisaidii kwa sababu picha zilizomo ndani ya PDF zimeshabanwa kwa JPEG. Anza na dpi. Ukishuka kutoka 600 hadi 300, nukta zinabaki robo, maana upana na urefu vyote vinapungua nusu. A4 kwa dpi 300 ni nukta 2480 kwa 3508: ikiwa rangi ni kama MB 26 kabla ya kubanwa, kijivu MB 8.7, nyeusi na nyeupe MB 1.1 tu.

Kurasa 36 za maandishi ziskani nyeusi na nyeupe, dpi 300, mbano wa CCITT G4 (wa picha nyeusi na nyeupe). Mara nyingi ukurasa hauzidi KB 100. Zile nne ziskani peke yake kwa rangi, dpi 200, kisha unganisha mafaili kwa PDFsam, programu ya kuunganisha PDF. Muhuri hafifu usiupeleke kwenye nyeusi na nyeupe, utafutika au utageuka doa juu ya saini. Rangi otomatiki izime kabisa: karatasi iliyopauka huhesabiwa kuwa ya rangi.

Msimamizi wa seva: Kikomo cha Gmail ni MB 25, lakini kiambatisho husafiri kikiwa kimegeuzwa kuwa maandishi (base64), kila baiti 3 zinakuwa 4. Kwa hiyo usivuke MB 18. Seva ya mpokeaji nayo ina kikomo chake, kinaweza kuwa MB 10, muulize kabla.

Kama karatasi zimesharudi kabatini, faili hilo la dpi 600 lipitishe kwenye programu ya Ghostscript kwa amri hii:

gs -sDEVICE=pdfwrite -dPDFSETTINGS=/ebook -o ndogo.pdf kubwa.pdf

Hiyo inashusha picha hadi dpi 150. Usitumie /screen, ni dpi 72, maandishi madogo hayasomeki.

Mhasibu: Kwenye nyaraka za fedha ogopeni mbano wa JBIG2 (nao ni wa picha nyeusi na nyeupe) wa aina inayopoteza taarifa. Hutafuta herufi zinazofanana na kuweka moja mahali pa nyingine. Mwaka 2013 David Kriesel wa Ujerumani alionyesha mashine za Xerox zikibadilisha 6 kuwa 8 kwa njia hiyo, na ukurasa ulitoka safi, hakuna ukungu wa kukushtua. G4 haipotezi nukta yoyote. Baada ya kubana, linganisha namba za akaunti na jumla za fedha na karatasi halisi kabla ya kutuma.