Nyaya za umeme zimetundikwa, lakini viti viko wapi?

Wakuu, kila mara abiria wa kaskazini mwa Uingereza wanapolalamikia msongamano hujibiwa kwamba reli imewekewa umeme, kana kwamba nyaya ndizo zinazokaliwa. Abiria hukaa ndani ya mabehewa, na kwa njia ya Manchester hadi Preston kupitia Bolton ilipangwa tangu mwanzo kwamba mabehewa yenyewe yatakuwa ya mtumba: treni za Class 319, zilizoundwa kati ya 1987 na 1990 kwa ajili ya Thameslink, njia inayokatiza katikati ya London.

Mtumba wenyewe sina ugomvi nao. Treni hizo zilikuwa na mabehewa manne, ilhali nyingi za dizeli zilizokuwa zikitumika huku zilikuwa na mawili, na kwa kuwa mota za umeme huchukua kasi upesi, muda unaopotea kwenye stesheni zilizokaribiana hupungua. Zilipoanza kazi kati ya Liverpool na Manchester mwaka 2015, nafasi iliongezeka kweli.

Kinachoniudhi ni kupanga nafasi za watu kwa kutegemea foleni ya masalio. London ilipaswa kwanza kupata treni mpya ndipo zile kuukuu zije kaskazini, na huku nako nyaya zilipaswa kuwa tayari ndipo treni za dizeli ziachiliwe ziende kupunguza msongamano kwenye njia zisizo na umeme. Kwa hiyo Bolton ilipokwama, haikukwama peke yake. Umeme uliotarajiwa mwishoni mwa 2016 haukubeba abiria mpaka Februari 2019, baada ya wakandarasi kukuta ardhi ya kusimikia nguzo ni mbaya kuliko walivyokadiria, na ratiba ya Mei 2018, iliyobidi kupangwa upya kwa haraka kwa sababu ya ucheleweshaji huo, ikavurugika vibaya hata treni zikafutwa kila siku.

Baadhi ya treni hizohizo za umeme (msicheke) zikafungiwa injini za dizeli chini ya sakafu ili zifike pasipo na nyaya. Zikapewa jina la Class 769, na kaskazini hazikubeba abiria hadi 2021.

Ninachodai ni kwamba kila mradi wa umeme unapotangazwa, itajwe pia idadi ya viti vya saa za asubuhi, urefu wa majukwaa, na tarehe ya kuwasili kwa mabehewa, bila kutegemea nani mwingine ataachia yake lini.