Kiumbe wa filamu yetu ya kisayansi: tumtengeneze kwa mikono au kwa kompyuta?

Mwongozaji wa Jinja

Wapendwa wanajukwaa, nawasalimu. Mimi na wenzangu wanne tunatayarisha filamu fupi ya dakika 12, ambayo ndani yake chombo kutoka anga za mbali kinaanguka ziwani usiku, na alfajiri binti wa mvuvi anamkuta kiumbe amejikunyata chini ya mtumbwi uliopinduliwa mwaloni, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi. Tumegawanyika. Mwenzetu mmoja, aliyejifundisha mwenyewe Blender, programu ya kuunda picha za kompyuta, anataka kiumbe yule awe wa kompyuta mwanzo hadi mwisho, nami naona mtazamaji hatamhurumia kiumbe ambaye binti hakuweza kumshika. Fedha tulizonazo hazituruhusu kujaribu njia zote mbili, kwa hiyo naomba ushauri wa wale waliokwisha kuyafanya mambo haya.

Fundi wa Vinyago, Kampala

Ndugu mwongozaji, kabla ya kuamua chochote, chukua hati yako ya filamu ukapigie mstari kila mahali ambapo binti anamgusa kiumbe. Hapo ndipo mikono inapohitajika. Mtu anayeangalia kitu kilicho mbele yake macho yake hutulia, lakini anayeigiza mbele ya hewa tupu macho yake hutangatanga, na watu waliojaa kwenye kibanda cha video hulihisi jambo hilo hata kama hawawezi kulieleza.

Mchagueni pia atakayevaa vazi kabla hamjakata hata kipande kimoja cha sponji. Katika *Alien* ya mwaka 1979, aliyekuwa ndani ya vazi la kiumbe ni Bolaji Badejo, kijana wa Kinigeria mwenye urefu wa zaidi ya mita 2, mwembamba na mwenye viungo virefu kiasi kwamba jicho linakataa kuamini kuwa mle ndani mna mtu. Watafuteni wachezaji wa mpira wa kikapu.

Kuhusu ngozi, mimi hupaka lateksi, yaani utomvu wa mpira, kwa brashi, tabaka jembamba juu ya jingine, nikingoja kila moja likauke. Juu ya tabaka la tatu hubandika karatasi laini ya chooni iliyokunjwakunjwa, kisha napaka tena. Ikishatiwa rangi, mikunjo ile huonekana kama ngozi ya chura. Vazi langu la kwanza nililiunga kwa gundi ya viatu peke yake, na tulipolitoa juani saa sita mchana gundi ililainika, bega likachomoka mwigizaji akiwa katikati ya maneno yake. Siku hizi nashona kwanza kwa uzi wa nailoni, ndipo nipake gundi, na mwigizaji hakai ndani zaidi ya dakika 15 bila kuvuliwa kichwa na kupewa maji.

Jihadharini na ziwa. Katika *Jurassic Park* ya mwaka 1993, yule dinosauri mkubwa wa mashine aliyeundwa na kikosi cha Stan Winston alinyeshewa mvua ya kuigiza, ngozi yake ya povu la mpira ikanyonya maji, mwili ukazidi uzito uliokuwa umepimiwa mitambo, akaanza kutetemeka hata alipotakiwa kutulia, na mafundi wakawa wanamkausha kwa taulo kati ya pigo moja la picha na jingine. Hata hivyo, dinosauri wanaonekana kwa takriban dakika 15 tu katika filamu nzima, na kati ya hizo za kompyuta ni kama 6; zilizobaki ni kazi ya mikono.

Picha Ishirini na Nne

Namheshimu sana fundi, lakini hoja ya macho haidai vazi, inadai mtu. Katika *District 9* ya mwaka 2009, iliyopigwa Johannesburg, viumbe wale ni wa kompyuta, lakini Jason Cope alisimama mahali pao na kuigiza pamoja na wenzake, kisha picha ya kompyuta ikachukua nafasi yake. Macho yakapata pa kutua, na kiumbe akabaki na miguu ambayo hakuna binadamu anayeweza kuikunja namna ile. Hata hapa kwetu, Isaac Nabwana, mtengenezaji filamu wa mtaa wa Wakaliga, Kampala, amezichanganya njia hizi miaka mingi: bunduki zimeundwa kwa vyuma chakavu, damu ni rangi iliyofungwa ndani ya kondomu, na helikopta zinazolipua majengo ya Kampala zimetoka kwenye kompyuta aliyoiunganisha mwenyewe.

Kinachomfichua kiumbe wa kompyuta mara nyingi ni mwanga. Kila mnapomaliza tukio, kabla jua halijasogea, mtu asimame palepale alipokuwa kiumbe, mkono mmoja ameshika mpira uliopakwa rangi ya kijivu isiyong'aa na mkono wa pili mpira unaong'aa kama kioo, mpige picha sekunde chache. Wa kijivu utawaonyesha mwanga unatoka wapi na kivuli ni kikali kiasi gani. Wa kioo utawapa kila kilichokuwapo pande zote, mbingu, mabati, hata wekundu wa udongo unaoakisi kutoka chini. Msipopata mpira wa kioo, mgongo wa upawa mpya wa chuma utawasaidia.

Fanyeni na hesabu. Filamu ina picha 24 kwa sekunde, kwa hiyo tukio la sekunde 5 ni picha 120. Kila moja ikichukua dakika 10, hizo ni saa 20 za kompyuta kufanya kazi bila kupumzika. Itoeni kila picha kama faili lake, ili umeme ukikatika mwendelee mlipoishia.

Mama Kamera, Entebbe

Wanangu, mmesahau chombo. Cha mfano kilichopunguzwa mara 16 kipigeni kwa kasi ya mara 4, yaani picha 96 kwa sekunde badala ya 24, nacho kikionyeshwa kwa kasi ya kawaida kitaonekana kizito. Lakini matone ya maji hayapungui pamoja na mfano: yatakuwa makubwa kama embe ubavuni mwa chombo, na hapo kila mtu atajua kuwa ni beseni. Mimi nisingekionyesha kikigonga maji. Ningeonyesha mwanga ukipita juu ya mitumbwi, kimya, kisha wimbi likifika mwaloni na kuigonganisha.

Mwongozaji wa Jinja

Nawashukuru sana. Nimepiga mistari kama alivyoagiza fundi, nikakuta binti anamgusa kiumbe mara 3, na kila mara ni mkono tu. Tutatengeneza mkono mmoja hadi begani, na mwili uliobaki, ambao karibu wote umefichwa na mtumbwi, tumwachie mwenzetu wa kompyuta. Mchezaji wa kikapu atalala pale chini ili binti apate wa kumtazama, na upawa tayari nimeununua. Chombo tutafanya kama alivyosema Mama Kamera. Fundi, nisaidie jambo moja: mkono huo utakuwa ndani ya maji karibu nusu saa.

Fundi wa Vinyago, Kampala

Maji yataingilia kwenye mishono. Ipake mishono yote lateksi mara mbili zaidi, na pale begani vazi linapoishia, funga kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, kwa kukaza. Ujaribu kwenye pipa siku moja kabla, na mkono ukitoka mzito kuliko ulivyoingia, usiende nao ziwani.