Fundi wa Keko nataka likizo ya tamasha la sanaa na ubunifu. Nianzie wapi?

Randa_ya_Keko

Wakuu, habari za saa hizi. Mimi ni seremala, banda langu liko Keko, na huu ni mwaka wa kumi na saba natengeneza vitanda, makabati na makochi. Likizo sijawahi kuchukua. Nikisema likizo namaanisha kufunga banda na kuondoka kabisa; Idi na misiba sihesabu.

Mwezi uliopita nimemaliza tenda ya viti vya ukumbi, vipande mia mbili na arobaini. Baada ya kulipa vijana na mwenye mbao nimebakiwa na milioni nne. Mama watoto kasema hizi hela zikirudi tena kwenye mninga, yeye anarudi kwao Korogwe. Basi tumekubaliana siku kumi na mbili, mimi na yeye, watoto wabaki kwa shangazi yao Mbagala.

Shida ni kwamba yeye anataka bahari na asishike sufuria. Mimi nikikaa ufukweni siku mbili naanza kukagua miguu ya meza za hoteli. Na kuna kijana wangu wa bandani ananionyesha kwenye simu maonyesho ya samani ya Milano. Kiti kimoja kimewekwa peke yake kwenye chumba kizima, kinamulikwa taa kama bibi harusi, watu wanakizunguka kimya kimya. Nikasimamisha video, nikavuta picha. Kiungo chake ni ulimi unaingia kwenye tundu, kile kile ninachokichonga mimi kila siku ya Mungu! Toka hapo situlii. Nataka safari inayozunguka tamasha la sanaa au ubunifu, nione wenzangu wanawaza nini kabla hawajashika msumeno.

Je, Milano inawezekana kwa hela hiyo? Kama haiwezekani, wapi? Na tarehe za haya mambo mtu anazipangaje, maana kila ninapouliza naambiwa "itatangazwa".

NB: Wa kuniambia niongezee ninunue bodaboda, nimeshakusikia.

Mzee_wa_Tandika

Ongezea ununue bajaji basi.

Kapera_Mstaafu

Mkuu Randa, Milano kwa milioni nne watu wawili, sahau. Hiyo Salone del Mobile ipo tangu 1961, inafanyika Aprili kwenye viwanja vya Rho, nje kidogo ya mji. Wiki hiyo vyumba vinapanda bei mpaka wenyeji wanalalamika. Kabla hujafika huko kuna viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya: ada yuro 90 kwa kila mtu mzima, ukinyimwa hairudishwi. Bima ya safari isiyopungua yuro 30,000. Halafu taarifa za benki, na hapo ndipo mafundi wengi tunapokwama, maana hela zetu zinaingia kwa simu na kutoka kwa simu. Afisa akiangalia akaunti yako anaona elfu kumi na moja imelala tangu mwaka juzi, anashindwa kuamini kama una banda.

Kama unaitaka kweli, ifanye ya miaka miwili. Anza leo kupitisha malipo ya wateja benki. Ombi la viza linapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, usisubiri dakika za mwisho. Na ukifika, usiishie kwenye yale mabanda makubwa. Wiki hiyo hiyo mjini kuna Fuorisalone, maduka na nyua za majumba ya zamani zinafunguliwa, na mengi unaingia bure.

Kuna na sehemu ya wabunifu wasiozidi miaka 35, SaloneSatellite. Huyo kijana mwenye simu ndiye wa kumwandaa.

Bi_Chaki

Kaka Randa, pole na kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nafundisha sanaa, mshahara wangu usiuulize. Lakini tangu 2009 kila mwaka natoka mara moja kwenda kwenye tamasha, hata likiwa la hapo Bagamoyo tu. Nikwambie niliyojifunza kwa kuumia.

2013 nilikwenda Unguja kwa Sauti za Busara, lile tamasha la muziki. Tiketi ya boti ninayo, gauni jipya ninalo, chumba sina. Nikajiambia Mji Mkongwe haukosi chumba. Nimetembea na begi kutoka Malindi mpaka Mkunazini, kila mlango ninaogonga "tumejaa". Saa nne usiku nikaishia Mwanakwerekwe kwa binamu wa mwalimu mwenzangu, mtu ambaye sijawahi kumwona, nikalala kitanda kimoja na wanawe watatu. Wa katikati alikuwa anaota anacheza mpira. Kuanzia siku ile chumba ndicho cha kwanza kushikwa, na nashika kile ambacho naweza kukighairi bila kulipa.

Kuhusu tarehe, matamasha yetu ni kama mvua za vuli: msimu unaujua, siku huijui. Sauti za Busara ipo tangu 2004, ni Februari, Ngome Kongwe, lakini 2016 haikufanyika kwa kukosa fedha. Tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF, watu tulizoea ni Julai, ila limeshawahi kuangukia miezi mingine. Hata huko kwa wakubwa: Dak'Art, maonyesho makubwa ya sanaa ya Senegal, ya 2024 ilikuwa iwe Mei, ikasogezwa mpaka Novemba wiki chache kabla ya kuanza. Kwa hiyo mimi huwa najiuliza hivi: tamasha likifutwa kesho, huo mji bado nitautaka? Kama jibu ni hapana, siendi.

Sasa wewe ni mtu wa mbao, wala usihangaike na Milano mwaka huu. Nenda Lamu.

Tamasha lao la utamaduni huwa Novemba. Kuna mashindano ya majahazi, mbio za punda, bao, kughani mashairi. Mji wenyewe umo kwenye urithi wa dunia tangu 2001, mwaka mmoja baada ya Mji Mkongwe wa Unguja. Lakini wewe sikupeleki kuangalia punda. Nakupeleka kwenye makumbusho yao ukaone kiti cha enzi. Kaka, kile kiti! Mpingo mtupu, umesimama wima kama mzee anayesubiri salamu, umepambwa kwa vipande vya mfupa au pembe, na penye mgongo na kikalio wamesuka nyuzi. Kilikuwa cha kumkalisha mgeni wa heshima. Nilipokiona mara ya kwanza nilisimama mbele yake mpaka mlinzi akaniuliza kama najisikia vibaya. Hicho hakikungoja taa ya Milano.

Halafu milango. Wachongaji wapo na wanafanya kazi mchana kweupe, patasi mkononi, unaweza kukaa ukaangalia. Tazama mfaa, ule mti wa katikati unaofunika mahali mbao mbili zinapokutana. Kila mchongaji ana mkono wake hapo. Tazama na miimo, nakshi zinavyopanda mpaka juu ya kizingiti. Siku nyingine pandeni mashua mwende Matondoni, wanakounda majahazi. Fundi wa kabati ukiona mbao inavyopindwa ikafuata ubavu wa chombo utarudi Keko na maswali mapya.

Wifi yangu mpeleke Shela. Ufukwe mrefu, samaki anapikwa na mwingine.

Njia: basi Dar mpaka Tanga, mnavuka Horohoro, mnalala Mombasa. Kesho yake basi la asubuhi mpaka Mokowe, kisha boti mpaka kisiwani. Kenya kwetu Watanzania hakuna viza, pasipoti tu, angalieni isiwe karibu kuisha. Barabara ya Lamu ina vizuizi vya polisi na ukaguzi, msiichukulie usiku, na kabla ya kuondoka ulizeni hali ya usalama ilivyo wiki hiyo. Kwa hesabu ya kichwani mwangu nauli, chumba cha kawaida na chakula havimalizi milioni nne. Weka laki tano pembeni usiziguse. Laki tatu nyingine jua tu kwamba utanunua patasi.

Tausi_Mikocheni

Naunga mkono Lamu, ila kaka Randa ulishafika Nafasi Art Space hapa Mikocheni? Ipo tangu 2008, studio za wasanii, unaingia unaongea nao wakiwa kazini. Watu wa Dar tunapanda ndege kutafuta sanaa, tumeiruka nyumba ya jirani. Pale Oysterbay kwa wachoraji wa Tingatinga napo ni nusu saa tu foleni ikiwa nzuri (haiwi nzuri). Mpeleke mkeo Jumamosi moja kama mazoezi. Akinuna ndani ya saa ya kwanza, Lamu mpunguzie milango.

Randa_ya_Keko

Nimesoma yote, asanteni sana. Kapera, ile ya akaunti imenigusa, yangu ina elfu tisa. Jumatatu naenda benki na kijana tunamfungulia na yeye.

Dada Bi Chaki, nimemsomea mama watoto maneno yako kwa sauti. Kwenye milango alikuwa anachambua mchele. Kwenye Shela akaacha mchele. Akauliza basi linapita njia gani, nikamwambia Chalinze, Segera, Tanga. Akasema Segera na Korogwe ni pua na mdomo, haiwezekani apite pale bila kumsalimia mama yake, kwa hiyo siku mbili za kwanza ni Korogwe. Yaani mninga sijanunua, na Korogwe anakwenda vile vile.

Tumeandika Novemba kwa penseli. Chumba nashika wiki hii, cha kughairika.

Swali la mwisho: kwenye hayo makumbusho wanaruhusu kuingia na futi? Nataka vipimo vya kile kiti.

Bi_Chaki

Futi liache hotelini, na kiti usikiguse, mlinzi ni yule yule. Kiangalie mpaka ukijue, kisha utoke nje ukipime kwa shubiri hewani kabla hujasahau.

Mzee_wa_Tandika

Ukishakitengeneza weka picha hapa. Bajaji itasubiri.