Saratani ya tezi dume: wewe ulichaguaje tiba? Tupeane uzoefu

Wakuu habari zenu. Nina miaka 61, majibu ya kinyama walichokata kupima yametoka, Gleason (alama ya ukali wa saratani) 7 (3+4), PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) 11, haijatoka nje ya tezi. Daktari kanipa vikaratasi viwili, kimoja cha upasuaji kingine cha mionzi, ananiambia zote zinatibu chagua mwenyewe. Sasa nachaguaje jamani? Waliopitia semeni ukweli.

Mzee Kijana: Pole mkuu. Mi nilienda kisu nikiwa na 58, sababu kubwa roho tu, nilitaka itolewe nilale usingizi. Tena nikaambiwa ukianza na kisu ikarudi mionzi unapiga vizuri, ila ukianza na mionzi kuja kupasua baadae ni shughuli pevu. Nilichopuuza ni mkojo. Miezi minne navaa pedi, nikipiga chafya tu tayari, suruali nyeusi kila siku na ya akiba kwenye begi. Siku hizi nimekauka ila mambo ya chumbani bado yanasuasua, ongea na mkeo KABLA.

Binti Mkubwa: Baba ana 74 na moyo unamsumbua, daktari wa usingizi ndo alokataa, upasuaji ukawa umeishia hapo. Akapigwa mionzi mara 20, Jumatatu mpaka Ijumaa wiki nne, na sindano za homoni. Hizo homoni ndo zimemtesa, usiku jasho la ghafla shati linalowa, mwenyewe anasema "sasa namwelewa mama yenu" 😂

Tuliza Boli: Mi Gleason 6, sijatibu chochote mwaka wa tano huu, nafuatiliwa tu, PSA kila miezi 6 na picha za MRI zikihitajika. Watoto walinijia juu, baba unakaaje na kansa ndani! Kuna utafiti wa Uingereza unaitwa ProtecT, waliofuatiliwa, waliopasuliwa na waliopigwa mionzi, baada ya miaka 15 waliokufa na saratani hiyo ni 2 mpaka 3 kati ya 100 kila kundi. Ila kwa waliofuatiliwa ilisambaa kwa wengi zaidi, sikufichi, na 3+4 yako sio kama yangu.

Mleta mada: Asanteni sana. Hilo la daktari wa usingizi sikuliwaza na nina presha. Alafu alonipa vikaratasi ni wa upasuaji, wa mionzi sijamuona hata sura, Jumatano naomba nipelekwe kwake. Mzee Kijana, hizo pedi zipo za kiume au ndo zilezile?

Mzee Kijana: Zipo za kiume mkuu, mi nilichelewa kujua 🙈 njoo PM