Mrejesho: Land Cruiser HZJ75 iliyokuwa ikitetemesha usukani

Wakuu, niliuliza kuhusu Land Cruiser ya marehemu mzee: ikifika kilomita 60 kwa saa kwenye barabara ya moramu usukani unatetemeka mikono ife ganzi, na gurudumu la mbele kulia linalowa mafuta. Wengi mlisema balansi ya tairi. Mmoja akasema nifungue lile tufe la mwisho wa ekseli. Huyo alipatia, ananidai soda!

Ndani hamkuwa na grisi, ulitoka uji mweusi unaonuka oili ya difu (gia za katikati ya ekseli). Oili sili ya ndani (mpira wa kuzuia oili) ilikatika, oili ikapita ikayeyusha grisi. Beringi ya chini ya kingpini (pini ambayo gurudumu hugeukia ukikata kona) ilikuwa na vishimo palepale rola zinapokaa, ndiyo maana usukani ulikuwa pia unanasa ukifika katikati.

Sili, beringi na gaskiti nimechukua mpya Kisekka, soko la vipuri Kampala. Shimu (vibati vyembamba vya kujazia nafasi) za juu na za chini msizichanganye, ndizo zinazoweka tufe katikati. Fundi alitaka kukadiria ukazaji wa beringi kwa mkono. Nikamletea mizani ya kuvuta, tukapima kabla ya kufunga sili. Alinuna kidogo.

Nimeenda nayo hadi Masindi, usukani umetulia. Sakafu iliyoliwa na kutu nitaiulizia peke yake.